Kabla ya kununua ngoma ya umeme, ijue kazi yake



Kijana mmoja alinifuata kazini hivi karibuni akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na fedha za kwaya yao ya vijana kule Nyakato: michango ya miezi kumi na mmoja, shilingi elfu moja moja na elfu mbili mbili. Nyingine zilitolewa na akina mama wauza dagaa wa Kirumba, nyingine na waendesha bodaboda. Kwaya ilikuwa imemtuma yeye, kwa kuwa ndiye mcharaza dramu wao, akanunue pedi ya ngoma za umeme. Kwenye simu yake alikuwa na picha za mashine tatu, na swali moja tu: "Shikamoo mzee. Katika hizi, ipi ni ya bei nafuu lakini nzuri?"

Niliitikia marahaba, lakini swali sikulijibu. Nilimwomba asinunue chochote mpaka Jumamosi. Sababu zangu ndizo mazungumzo yetu ya leo, maana najua yeye si peke yake. Kandokando ya ziwa hili, kuanzia Magu hadi Sengerema na ng'ambo Ukerewe, kwaya na bendi ndogo zinachangishana fedha kwa ajili ya mashine kama hiyo. Na wahenga walikwishaonya kwamba rahisi inavunja upishi.

Tuanze na mashine yenyewe. Pedi ya ngoma ni sanduku bapa lenye vibao vya mpira juu yake. Chini ya kila kibao kuna kihisio kidogo. Fimbo ikigonga mpira, kihisio hugeuza mtikisiko ule kuwa umeme hafifu. Mashine hupima nguvu ya umeme huo, kisha hutoa sauti iliyohifadhiwa ndani: ukigonga taratibu hulia taratibu, ukigonga kwa nguvu hulia kwa nguvu. Basi kibao kimoja chaweza kuwa tumba leo, kengele kesho, na makofi ya watu keshokutwa.

Ufundi huu si mgeni. Mwaka 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa ngoma za umeme zenye vibao vya pembe sita, vigumu kiasi kwamba wapigaji walilalamika maumivu ya viwiko na vifundo vya mikono. Mwaka 1985 Roland ya Japani ikaja na Octapad, sanduku moja la vibao 8. Lakini Octapad ile ya kwanza haikuwa na sauti yake yenyewe. Ilituma amri tu kwa mashine nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyolia.

Lishike hilo, msikilizaji, kwa sababu ndilo shimo la kwanza wanamotumbukia wanunuzi. Hata leo madukani kuna vifaa vyenye vibao vizuri na taa za kupendeza, kama Akai MPD218 yenye vibao 16, ambavyo bila kompyuta havitoi mlio. Tena vibao vyake ni vya kubonyezwa kwa vidole, si vya fimbo. Moja kati ya zile picha tatu za kijana wetu ilikuwa ya aina hiyo, na ndiyo iliyokuwa na bei ndogo kuliko zote. Kwaya isiyo na kompyuta ingepeleka nyumbani ubao wa kimya.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: ni sauti gani inayokosekana katika kundi lenu?

Kijana wetu ana seti kamili ya dramu. Besi ya mguu anayo, ngoma za mkono anazo, matoazi anayo. Anachokosa ni tumba, manyanga, kengele na ile ngoma kubwa ya nyumbani. Kwake yeye pedi ni nyongeza ya kuwekwa ubavuni, na mtu mmoja mwenye mikono miwili, ambayo tayari ina kazi, hatatumia sauti zaidi ya tatu au nne katika wimbo mmoja. Vibao 4 vinamtosha. Kundi lisilo na dramu kabisa liko katika hali nyingine: hilo linahitaji vibao 8, na pedali ya mguu kwa ajili ya besi. Kumnunulia wa kwanza mashine ya wa pili ni kulipia vyumba ambavyo hakuna atakayelala.

Swali la pili: je, mnataka sauti za kiwandani, au mnataka kuingiza za kwenu?

Hapa pedi zinagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huja na sauti zake na hazibadilishwi. Mfano ni Yamaha DD-75, yenye vibao 8, sauti 570, pedali 2 na spika zake ndani, ambayo hufanya kazi hata kwa betri 6 za ukubwa wa kati. Mwingine ni Roland SPD-20 ya mwaka 1998, yenye vibao 8 na sauti 700, ambayo bado huuzwa kama mtumba. Kundi la pili hupokea sauti unazorekodi mwenyewe. Alesis SamplePad 4, yenye vibao 4, na nduguye SamplePad Pro yenye vibao 8, huzisoma kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu. Roland SPD-SX yenye vibao 9 hufanya zaidi ya hapo, ila bei yake ni ya wenye uwezo.

Mtu akisikia sauti 700 upande mmoja, na upande wa pili mashine yenye sauti chache na kadi, mara moja hukimbilia 700. Jumamosi ile nilimchukua kijana hadi Kisesa kwa mzee mmoja mpiga ngoma wa bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe mikononi. Si mbali na hapo ndipo ilipo Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma za watemi. Tulimwamkia mzee, tukamweleza tulichotaka kununua, na kijana akamchezea kwenye simu sauti za mashine mbalimbali. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza: "Mjukuu wangu, na hii yangu imo humo?"

Haikuwamo. Zilikuwamo tumba za Kuba, tabla za India na ngoma za Japani. Ya Kisesa haikuwamo.

Simaanishi kwamba sauti za kiwandani hazifai. Kikundi kinachohubiri vijijini bila umeme, kinachohitaji mdundo tu na spika yake humo humo, kitafanya busara kununua mashine ya betri kama ile DD-75. Nasema kwamba kwaya inayoimba nyimbo zake kwa mahadhi ya Kisukuma, ikinunua sauti 700 ambazo hata moja si yake, baada ya mwaka mmoja itakuwa inaimba kwa mdundo wa watu wengine. Mashine haimlazimishi mtu. Yeye mwenyewe hufuata kilicho karibu na fimbo yake.

Kurekodi sauti yenu si kazi ya mtaalamu. Mwombeni mwenye ngoma ruhusa, na akikubali mpeni heshima yake. Tafuteni mahali pasipo upepo wa ziwa. Rekodini pigo moja moja: katikati ya ngozi, ukingoni, kwa kiganja, kwa fimbo; taratibu, kisha kwa nguvu. Kwenye kompyuta ya rafiki, kateni kimya chote kilichotangulia pigo, maana kimya hicho kikibaki, kila mkigonga sauti itachelewa nanyi mtailaumu mashine. Hifadhini kwa mtindo wa WAV, kisha tieni kwenye kadi.

Swali la tatu ni umeme, na hapa naomba nikiri kosa langu. Mwaka 2009 nilikuwa mmoja wa marafiki watano tuliokuwa tukipiga muziki kwenye harusi. Tulichanga tukanunua pedi ya mtumba iliyotoka Japani, safi, na adapta yake ndani ya boksi. Usiku wa kwanza, ukumbi umejaa na bibi harusi yuko mlangoni, tulichomeka ukutani. Tulisikia harufu kabla ya kusikia mlio. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni volti 230. Adapta ile iliandikwa volti 100 kwa herufi zinazosomeka kabisa, nasi hatukuzisoma. Iliungua na kuondoka na mashine. Mmoja wetu alikuwa ametoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba, na hata leo tukikutana hilo hatulitaji.

Kwa hiyo, geuza adapta usome. Ikiandikwa 100–240 inafaa hapa. Ikiandikwa 100 au 120 peke yake, usiichomeke ukutani. Ukinunua nyingine, linganisha mambo matatu na maandishi ya nyuma ya pedi: volti, kiasi cha mkondo, na kile kichoro kinachoonyesha kama ncha ya katikati ni chanya au hasi. Tundu kuingiana na ncha si ushahidi kwamba vinapatana. Aidha, pedi nyingi za kuingiza sauti hazina sehemu ya betri. Umeme ukikatika katikati ya ibada nazo hunyamaza. Kama hamna jenereta wala inveta, weka tumba halisi karibu.

Swali la nne: sauti itatokea wapi? Pedi nyingi hazina spika. Msiziunganishe na amplifaya ya gitaa, kwani hiyo imetengenezwa kupendezesha sauti za kati, wakati ngoma ina mlio wa chini sana na wa juu sana. Pelekeni waya kwenye miksa ya kanisa au amplifaya ya kinanda. Mkiwa na waya mmoja tu, tumieni tundu lililoandikwa L/MONO, msije mkapoteza nusu ya sauti. Hesabuni pia bei ya waya, stendi na pedali kabla hamjafika dukani. Ushauri wangu ni kwamba theluthi ya fedha ibaki kwa ajili ya vitu hivyo. Aliyemaliza bahasha kwenye pedi peke yake ataipiga akiwa ameipakata.

Mkifika dukani, msinunue kwa macho. Nendeni na fimbo zenu na hedifoni. Gongeni kila kibao kwa nguvu tatu tofauti, na sauti itofautiane mara tatu. Gongeni pembeni mwa kibao, siyo katikati tu. Gongeni kimoja kwa nguvu msikilize kama cha jirani kinalia bila kuguswa. Kama kinalia, mwombeni muuzaji apunguze wepesi wake wa kuhisi, na ikishindikana, iacheni. Pigeni haraka kwa mikono miwili msikie kama kuna mapigo yanayopotea. Lizeni toazi refu, kisha ngoma juu yake, mwone kama toazi linakatika ghafla. Jaribuni kila tundu na kila kitufe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kuna anayeuliza kama kifaa cha bei ndogo chaweza kutoa muziki wa maana. Jibu liko Dar es Salaam. Vijana wa uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo wengi waliviona vitu vya kuchezea watoto, wakaviunga na vipaza sauti chakavu na ngoma za mkono, wakapata mchiriku. Mwaka 2012 kundi mojawapo, Jagwa Music, lilitolewa albamu yake, Bongo Hotheads, na kampuni ya Ubelgiji. Vijana wale hawakuwa na mashine bora. Walijua walichotaka itoe.

Kijana wetu alinunua pedi ya vibao 4 inayopokea kadi. Haikuwa ya bei ya chini kuliko zote tatu, wala ya juu kuliko zote. Fedha iliyobaki ilitosha stendi, waya, na adapta aliyoisoma mara mbili mbele yangu. Kibao cha kwanza amekitia tumba, cha pili manyanga, cha tatu kengele. Cha nne ni ngoma ya Kisesa. Mzee ametuma ujumbe kwamba atakuja Nyakato siku ya kuizindua, aisikie mwenyewe, na kwamba kama imekosewa atasema mbele ya watu.

Basi, ndugu msikilizaji, ukipewa bahasha ya wenzako, usitangulize bei. Tanguliza kazi, kisha sauti, kisha umeme, kisha spika. Ukifika kwenye bei utakuta yenyewe imekwisha kujichagua.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.