Unene wa Misuli ya Jicho Lenye Afya

Magonjwa ya macho ya nyanda za kati yanapotajwa, hukumbukwa kwanza trakoma, ambayo watafiti wameichunguza wilayani Kongwa tangu miaka ya 1980. Trakoma huharibu kope na uso wa jicho, na mhudumu huitambua kwa kupindua kope. Misuli inayolizungusha jicho haionekani kwa njia hiyo. Imejificha nyuma, ndani ya tundu la mfupa, katikati ya mafuta, na unene wake hupimwa kwa picha: CT-Scan au MRI, vipimo ambavyo mkazi wa Dodoma huvipata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kila jicho huendeshwa na misuli sita, minne iliyonyooka na miwili ya mshazari. Kwa mtu mzima mwenye afya, ile iliyonyooka huwa na unene wa wastani wa takriban milimita 3 hadi 5 mahali inapotuna zaidi; ule wa upande wa sikio kwa kawaida ndio mwembamba kuliko wenzake. Milimita 1 ya ziada huonekana kitu kidogo, lakini tundu la mfupa halitanuki. Katika ugonjwa wa macho unaoambatana na tezi ya thairoidi, misuli huvimba, mara nyingi ukianza ule wa chini na ule wa upande wa pua, nayo macho husukumwa mbele. Ikivimba sana kwenye ncha ya nyuma ya tundu, hubana neva ya kuonea, na mgonjwa aweza kupofuka.

Basi daktari atajuaje kwamba msuli umezidi? Jicho la pili halisaidii sana, kwa kuwa ugonjwa huu kwa kawaida hushika yote mawili. Hubaki kulinganisha na watu wenye afya, na hapo ndipo penye tatizo: wenye afya wa wapi? Mwaka 1984, Migliori na Gladstone walipima nchini Marekani kiasi ambacho jicho hutokeza mbele ya ukingo wa mfupa. Kikomo cha juu cha kawaida kilikuwa milimita 21.7 kwa wanaume weupe na 24.7 kwa wanaume weusi. Anayeshika kikomo cha kwanza humwita mgonjwa mtu asiye na ugonjwa. Haifai kudhani kwamba misuli nayo hutofautiana hivyo, wala kwamba haitofautiani. Ipimwe.

Kupima huko hakuhitaji kumwita mtu mzima wa afya na kumpiga mionzi. Lenzi ya jicho hudhurika kwa mionzi, na jambo hilo lisingekubalika kimaadili. Hutumika picha zilizokwisha kupigwa kwa sababu nyingine, mathalani za aliyeanguka na bodaboda na macho yake yakakutwa salama, baada ya kibali cha kamati ya maadili. Wenye ugonjwa wa tezi, makengeza au mfupa wa tundu uliovunjika huachwa nje. MRI haina mionzi, ila sumaku yake yaweza kusogeza kipande cha chuma kilichosalia jichoni. Fundi wa kuchomelea vyuma, nao ni wengi katika mji unaojengwa kwa kasi kama Dodoma, aulizwe kabla hajaingia chumbani.

Namna ya kupiga picha hubadili jibu. Mgonjwa akitazama pembeni, msuli unaovuta jicho upande huo hujikunja na kunenepa. Ndiyo maana huombwa atazame mbele pasipo kuhama. Picha ikikata msuli kwa mshazari, huufanya uonekane mnene kuliko ulivyo. Misuli ya juu na ya chini hupimwa vizuri zaidi katika picha zinazokata kichwa kutoka sikio hadi sikio.

Mhudumu wa zahanati hana mashine hizi, na mgonjwa hapaswi kungoja milimita. Mwenye macho yaliyotokeza ambaye rangi nyekundu imeanza kufifia, au uoni umepungua, apewe rufaa siku hiyohiyo, na barua itaje kama amewahi kutibiwa tezi na kama anavuta sigara, kwa maana moshi huuzidisha ugonjwa huu.