TROTINETI YA UMEME SI KITU CHA MCHEZO

Ndugu mfanyakazi, habari hii usome pamoja na bibi yako na watoto.

Huko Ulaya watu wengi wanatembea leo juu ya trotineti ya umeme: ubao mwembamba, magurudumu mawili madogo, usukani, na motere inayopata nguvu katika batri. Ndani ya batri nyingi mna kobalti, ile inayochimbwa huku kwetu Kolwezi na Likasi. Pengine ndugu yako wa Bruxelles atamletea mtoto wako trotineti moja. Basi ujue kwanza sheria ya kule inasema nini.

Ubelgiji, tangu tarehe 1 Julai 2022:
— mwenye kuiendesha barabarani awe ametimiza miaka 16;
— mtu mmoja tu juu yake;
— ni marufuku kupita pembeni, mahali pa watu wa miguu;
— mwendo usipite kilometa 25 kwa saa.

Ufaransa nao walitia sheria mwaka 2019. Katika 2023 waliongeza umri kutoka miaka 12 mpaka 14, na anayepakia mwenzake anaweza kulipa amandi ya euro 135.

Je, sababu gani ukali huu? Hesabu mwenyewe. Kilometa 25 kwa saa ni karibu metre 7 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea mbele yako, kabla mkono haujakamata freni, umekwisha kupita metre 7. Tena gurudumu dogo linanasa katika shimo ambalo gurudumu la baiskeli lingepita. Mkiwa wawili, uzito unaongezeka na freni inachelewa kusimamisha. Na mwenye kuanguka hana mlango wala bati la kumkinga.

Wewe unayajua mambo haya kazini. Mashine ya mtu mmoja haipakii wawili. Njia ya mashine si njia ya miguu. Asiyefundishwa haguswi usukani. Sheria ya trotineti ni ndugu ya sheria hizo.

Kwetu barabara zina mashimo, na malori ya madini yanapita usiku na mchana. Basi, ikiwa trotineti, ikiwa pikipiki: mtoto asipewe, kila mtu avae kaske yake, taa iwake usiku. Batri iliyovimba au kupasuka usiichaji tena: inaweza kuwaka moto nyumbani.

Mashine ni ndogo, lakini hatari yake si ndogo. USALAMA KWANZA!