Ukiumia ubongo, kinga ya mwili nayo hulegea

Siku ya kwanza ndugu wa majeruhi huuliza swali moja tu: damu imevilia kwenye ubongo au la? Siku ya nne au ya tano, mgonjwa akiwa ameanza kufumbua macho na watu wameanza kumshukuru Mungu, maswali hugeuka. Mbona anahema kwa kasi? Mbona mwili unachemka? Mbona kifua kinakoroma? Hapo maneno huwa mengi wodini: wauguzi wamezembea, ni malaria hiyo, kuna mkono wa mtu.

Jibu la kitabibu halijawafikia watu wengi. Ubongo ulioumia hupunguza nguvu ya kinga ya mwili mzima. Aliyenusurika kipigo cha kichwa anaingia kwenye hatari ya pili, yaani maambukizi, na nimonia ndiyo inayoongoza.

Nalisemea hili nikiutazama mkoa wa Singida. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza inaupasua mkoa kuanzia Manyoni, ikapita Ikungi na Singida mjini, hadi Iramba ambako malori hushuka mlima Sekenke kuelekea Shelui. Njia nyingine inachepuka kwenda Babati na Arusha. Ongeza bodaboda zinazobeba magunia ya alizeti na abiria wa mshikaki kwenye barabara za vumbi, warina asali wanaopanda miti upande wa Itigi, na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huko Moshi, Hospitali ya KCMC ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani imekuwa ikiweka kumbukumbu za walioumia ubongo tangu mwaka 2013, na picha inayojitokeza ni ileile ambayo muuguzi yeyote wa Singida angeitambua: wengi ni wanaume vijana, na chanzo kikuu ni ajali za barabarani.

Sasa, kinachotokea mwilini ni hiki. Kichwa kinapogongwa kwa nguvu, seli za ubongo hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake. Ubongo una seli zake za ulinzi, mikroglia, nazo huhisi mwagiko huo ndani ya dakika chache na kuanza kutoa kemikali za kuita msaada. Chembe nyeupe za damu humiminika, na uvimbe huanza. Kwa kiasi fulani uvimbe huo unahitajika, maana ndio unaoondoa masalia ya seli zilizokufa. Lakini fuvu ni mfupa, halitanuki. Uvimbe ukizidi, ubongo hubanwa ukakosa damu.

Mwili unajua kujizuia. Mishipa ya fahamu inayotuamsha wakati wa hofu humwaga adrenalini na noradrenalini kwa wingi, na kemikali hizo huzifikia chembe nyeupe na kuzituliza. Tezi zilizo juu ya figo hutoa kotisoli, ambayo huua sehemu ya chembe ziitwazo limfosaiti. Mshipa wa vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, nao hupeleka ishara ya kupunguza mapambano. Katika wanyama wa maabara, bandama, ambayo ni ghala kubwa la chembe za kinga, imeonekana kusinyaa baada ya ubongo kuumizwa.

Mwaka 1998 timu ya Christian Woiciechowsky mjini Berlin ilichapisha katika jarida la Nature Medicine utafiti uliolifungua jambo hili vizuri. Kwa wagonjwa walioumia ubongo, waliona kwamba msukumo mkali wa mishipa hiyo ya hofu huambatana na kupanda kwa kemikali iitwayo interlukini-10, ambayo kazi yake ni kuipoza kinga. Walipowapa wanyama propranolo, dawa inayozuia adrenalini na ambayo wagonjwa wengi wa moyo wanaijua, kemikali hiyo haikupanda. Kwa maneno mengine, amri ya kulegeza ulinzi ilitoka kwenye ubongo wenyewe.

Ni kama kijiji kilichovamiwa usiku. Sungusungu wamekuja na marungu, lakini fujo ikazidi wakaanza kuvunja hata nyumba za wasio na hatia, na mwenyekiti akaamuru wote warudi majumbani. Fujo imekwisha, ila kijiji kimebaki bila doria, na mwizi wa pili anaingia bila hofu. Kwa mgonjwa wetu, mwizi wa pili ni bakteria, na mara nyingi hatoki mbali. Alikuwa mdomoni na kooni siku zote.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo familia ilipo na nguvu kuliko inavyodhani. Mama amesafiri kutoka kijijini Mkalama na chupa ya uji wa uwele. Anamkuta mwanawe amelala chali, macho nusu, akiitwa anaguna. Upendo unamtuma amnyweshe kijiko kimoja, kisha cha pili. Mtoto anaonekana anameza. Lakini mtu ambaye fahamu zake hazijarudi sawasawa hawezi kulinda njia ya hewa: uji kidogo na mate yaliyojaa vijidudu huteleza hadi kwenye mapafu, na yeye wala hakohoi. Kwa mtu mzima wa afya, chembe za kinga zingeimaliza kazi hiyo kimyakimya. Kwa huyu, zimelegea. Siku mbili baadaye ni nimonia.

Madaktari hupima fahamu kwa kipimo kilichobuniwa Glasgow na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Mwenye alama 8 kwenda chini yuko kwenye koma, na kwa kawaida huhitaji mpira wa kupumulia. Mpira huo huokoa maisha, ingawa nao huwafungulia vijidudu njia ya kushuka kifuani. Ndugu wana haki ya kuuliza alama ni ngapi leo. Wana haki pia ya kuuliza kama mgonjwa ameruhusiwa kula kwa mdomo au alishwe kwa mpira, na jibu likiwa bado, uji usubiri. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe nyuzi 30 hivi iwapo daktari hajakataza kwa sababu ya shingo. Meno yapigwe mswaki. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, mpira wa mkojo usikae hata siku moja zaidi ya inavyohitajika, na kila anayemgusa anawe mikono kwanza. Kazi hizi hazihitaji mashine, na ningependa kila wodi iwafundishe ndugu siku ileile ya kwanza, kwa lugha nyepesi.

Wengi huuliza: kwa nini wasipewe dawa za kushusha uvimbe? Zilijaribiwa. Utafiti mkubwa ulioitwa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004, uliwahusisha wagonjwa 10,008 walioumia kichwa. Waliopewa dawa jamii ya steroidi, ambayo pia hushusha kinga, walikufa zaidi: asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, dhidi ya 17.9 ya wale ambao hawakupewa. Tangu hapo, steroidi haitolewi kama tiba ya kawaida ya jeraha la ubongo.

Kwa upande wa viuavijasumu, mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya watu 319 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutokana na majeraha ya ubongo, kiharusi au matatizo mengine ya ubongo ya ghafla. Dozi moja ya seftriaksoni, iliyotolewa ndani ya saa 12 za mwanzo, ilishusha nimonia ya siku za awali kutoka asilimia 32 hadi 14. Hizo ni habari njema. Lakini ni dozi moja, kwa mgonjwa wa aina hiyo, mikononi mwa madaktari. Haimruhusu mtu kununua sindano dukani kwa ajili ya jamaa aliyeanguka na pikipiki.

Kuna ishara moja isiyopaswa kupuuzwa hata kama majeruhi anatembea na kuongea: majimaji maangavu yanayotiririka puani au sikioni. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo, na maana yake fuvu limepasuka kwa chini, hivyo vijidudu vimepata njia ya kuleta homa ya uti wa mgongo. Usizibe kwa pamba, asipenge kamasi, apelekwe hospitali mara moja. Kesi ngumu Singida hupewa rufaa, nyingi zikienda Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, kilomita 240 hivi kutoka Singida mjini. Kila saa inayopotea nyumbani inajumlishwa na safari hiyo.

Wala hatari haiishi siku ya kuruhusiwa. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu waliotoka kwenye vituo vya utengamao na kuishi zaidi ya mwaka mmoja baada ya jeraha. Wakilinganishwa na watu wa kawaida, uwezekano wao wa kufa kwa maambukizi ya damu ulikuwa mkubwa mara 12 hivi, na kwa nimonia mara 4. Sababu ni nyingi: kumeza kwa shida, kulala muda mrefu, na kinga ambayo huenda haikurudi kama zamani.

Kofia ngumu inabaki kuwa kinga ya kwanza. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Abiria naye ana kichwa, kwa hiyo adai ya kwake kabla hajapanda.

Na kwa wewe unayemuuguza aliyerudi nyumbani: Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, hivyo homa ya mtu aliyeumia ubongo isiishie kwenye dawa ya malaria ya kubahatisha kutoka duka la dawa muhimu. Akipata homa, kikohozi, kuhema haraka, shingo kukakamaa au usingizi usio wa kawaida, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza umwambie daktari kwamba huyu aliumia kichwa.