Kiingereza cha Barua: Neno Moja Likihama

Huko Alupe, kati ya Busia na Malaba, watu huzungumza Kiteso, Kiluhya na Kiswahili. Lakini hati nyingi za biashara huandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi na aangalie kitenzi kinachotanguliwa na "to". Kikifuata jina hakitaki kihusishi: kibali cha kuuza mahindi ni "permit to sell maize", wala si "permit of to sell". Kielezi nacho kina mahali pake. Mnunuzi akiandikiwa "He promised to pay immediately", husomeka kuwa malipo ni ya mara moja. Ikiwa ni "He immediately promised to pay", ahadi ndiyo ya mara moja. Siku ya malipo haikutajwa. Mkulima asitie sahihi kabla hajaitambua tofauti hiyo.