Aliyepukuchua Picha

Mwanao yuko mjini. Anampiga picha mjukuu wako na kukutumia kwa simu. Punde si punde umeipata. Imepitaje upesi hivyo?

Picha ya simu ni nukta ndogo ndogo, tena nyingi. Kila nukta ina namba tatu: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kwa hiyo picha ya nukta milioni 1 ina namba milioni 3. Kuzituma zote ni sawa na kusafirisha mahindi pamoja na magunzi. Lazima tupukuchue kwanza.

Njia ya kupukuchua picha aliibuni Nasir Ahmed. Alizaliwa Bangalore, India, mwaka 1940. Alisomea uhandisi wa umeme, akaenda Marekani kuendelea na masomo, na baadaye akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kansas State.

Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa shirika la serikali ya Marekani linalosaidia sayansi. Akanyimwa. Mmoja wa waliopima ombi lake aliona wazo hilo ni jepesi mno. Eti jepesi! Ahmed hakuliacha. Mwaka 1973 alitumia miezi yote ya joto kwa kazi hiyo, akisaidiana na mwanafunzi wake T. Natarajan na mwenzake K. R. Rao. Matokeo yalikuwa mazuri mno, hata wakashangaa wenyewe. Januari 1974 wakayachapisha.

Wazo lenyewe ni hili. Picha hukatwa vipande vya mraba, kila kimoja nukta 8 kwa 8, yaani nukta 64. Badala ya kuandika kila nukta, kompyuta huandika jinsi mwanga unavyobadilika ndani ya kipande: kwanza mwanga wake kwa jumla, halafu mabadiliko ya polepole, mwisho yale ya harakaharaka. Chukua kipande cha anga. Rangi ni ile ile toka upande huu hadi ule, basi namba moja au mbili zinatosha. Nyingine zote ni sifuri au karibu na sifuri. Na yale mabadiliko madogo ya harakaharaka, macho yetu hayayaoni vizuri. Hayo ndiyo magunzi, yanatupwa. Picha yaweza kubaki sehemu moja ya kumi, nawe usitambue.

Lakini ukibana kupita kiasi, vimraba hujitokeza hata usoni mwa mtu. Bila shaka umekwisha kuviona.

Mwaka 1992 hesabu hiyo iliingizwa katika utaratibu wa kimataifa wa kubana picha, uitwao JPEG. Tazama mwisho wa jina la picha yako: mara nyingi utasoma herufi JPG.