Usimtaje Bibi wa Jirani

Ukiwa Dar ukijichanganya tu ukasema kwenu Sumbawanga, stori zinakata. Mtu anakucheki juu mpaka chini, halafu maswali yanaanza: eti kwenu mnapanda ungo? Eti ukimdhulumu mtu anakutupia radi kweupe, bila wingu? Nilikaa jijini miaka miwili nikiuza duka la mtu Kariakoo, na hayo maswali yalinichosha mpaka nikawa naongopa natokea Mbeya. Petro alikana mara tatu. Mimi kwetu nilikukana miaka miwili mizima, na linaniuma mpaka kesho.

Saa hizi nimerudi kitaa, Katandala, napiga mishe ya mitumba. Masweta ndiyo yananiweka mjini. Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikigonga Juni na Julai baridi la huku sio poa. Msela wa bodaboda anapiga makoti mawili na meno bado yanagongana. Hapo ndipo mkwanja wangu unapoingia. Balo nafungua alfajiri, nachambua, nakunja, napiga ishara ya msalaba, naanza kuita wateja. Sala ya asubuhi haizidi dakika. Ya jioni ndiyo nataka niwachane leo.

Wazee wetu wanasema jina la mji ni la Kifipa: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani mji unaosemwa nchi nzima kwa mambo ya giza, jina lake lenyewe ni amri ya kuyaacha. Nimekua nalisikia hilo na halikuwahi kunigusa, mpaka dogo wetu alipoumwa.

Dogo alikuwa ametoka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, alikoenda na mjomba kuvuna mpunga. Siku chache baada ya kurudi homa ikampiga, na usiku mmoja akaanza kuweweseka, anaita watu ambao hawapo. Shangazi akasema huyu katumiwa kitu. Akamtaja bibi wa nyumba ya pili, kisa mpira wa dogo ulivunja chungu chake wiki kadhaa nyuma na bibi akafoka. Kuna fundi, akasema, anachukua laki mbili na kuku mweusi, usiku huu huu anamaliza kazi.

Wanangu, sifichi. Jumapili ile nilikuwa nimetoka kupokea Komunyo, na kwenye VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki parokiani, mimi ndiye nashika daftari la michango. Lakini nilinyanyuka nikaenda kuhesabu hela ya balo. Zilikuwa mkononi tayari. Bi mkubwa akanizuia mlangoni, hakupaza sauti, akaniuliza, "Nilikubatiza ili umwogope jirani?" Tukampakia dogo kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, tukaenda hospitali. Kipimo kikasema malaria, tena kali. Bondeni kuna joto na mbu kuliko huku kwetu juu, na kule alikuwa analala nje bila chandarua. Akapigwa dripu, siku ya nne akarudi nyumbani anadai chapati.

Sasa stori ingeishia hapo ningekuwa na ushuhuda mtamu wa kutoa jumuiyani. Haikuishia hapo. Shangazi alishamtaja mtu, na jina likishatoka mdomoni halirudi. Mtaa mzima ulishalibeba. Watoto wakawa wanavuka barabara wakimwona bibi. Mama mmoja alikuwa ananunua kwake maharage, akahama kimya kimya. Bibi mwenyewe akaacha kuja kuchota maji bombani kwetu, anazunguka mbali na ndoo yake kichwani, na magoti yale. Malaria ilitoka kwa siku nne. Lile jina lilikaa miezi.

Nilienda kwake jioni moja, nikapiga goti, nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi." Nilijua ataniwakia, na alikuwa na haki. Akasema alilisikia usiku ule ule, kuta zetu ni nyembamba. Kisha akauliza, "Mtoto anakula vizuri?" Nililia kinyama.

Tangu hapo nimeanza kuuliza wazee kuhusu haya mambo, na nimegundua biashara ya kutaja watu si ya leo wala jana. Miaka ya 1930 walipita Mchape, wakitokea pande za Malawi, wakisaka wachawi na kunywesha watu dawa ya kuuzuia uchawi. Miaka ya 1960 Ufipa ikapitiwa tena na Kamchape. Siku hizi wanaitwa lambalamba: wanaingia kijijini, kaya zinachangishwa, mtu anafukuliwa uani kwake, bibi wa watu anaaibishwa mbele ya wajukuu. Na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo, inamkamata hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Wengi kitaani hawalijui hilo.

Halafu kuna mwamba mmoja ambaye vijana wenzangu wanapita kwenye jina lake kila siku. Hospitali ya Dk. Atiman hapa mjini, wengi wanadhani ni Mfipa wa zamani. Adrien Atiman alizaliwa huko Mali, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, oya! Kama kuna binadamu alikuwa na sababu ya kumshuku kila anayemsogelea, ni yeye. Aliishia kuwashika mkono wagonjwa wasio wa ukoo wake. Kwangu mimi huo ndio Ukristo ninaoutaka.

Kwa hiyo nikiona mtu anauziwa mafuta au chumvi ya kumvunja adui, hata kama muuzaji kashika Biblia, nakataa kwa moyo wote. Ukinifundisha kumtafuta adui nyumba ya pili, wewe na yule fundi wa laki mbili mnauza mzigo mmoja.

Jioni nikifunga geto, kabla sijawasha bando, nasali hivi: Bwana, biashara ikibuma, nisimtaje mtu. Mchumba akizingua, nisimtaje mtu. Mvua za masika zikija na radi zake, nitoke chini ya mti, niingie ndani, nisimtaje mtu. Kuna siku hiyo sala inanishinda. Mwezi uliopita mteja wangu mkubwa alihamia kwa dada wa meza ya pembeni, na wazo la kwanza kichwani halikuwa zuri. Nikakunja masweta upya, yote, hadi likapita.

Jumamosi hii jumuiya yetu inasali kwa bibi, kwa mara ya kwanza tangu lile jina litoke. Shangazi kasema atakuja. Kama uko Katandala karibu, saa kumi na mbili asubuhi, na uje na kiti chako, maana kwa bibi viko viwili tu.