Cheti cha A+ kwa Mfuko Mwembamba: Lipia Mtihani, Usilipie Darasa

Kabla ya kutoa senti, amua unakitaka cheti kwa kazi gani. Kama mpango wako ni kufungua kibanda cha kutengeneza kompyuta mtaani, A+ isubiri. Mteja wa kibandani haulizi cheti, anauliza itapona lini. Pesa hiyo inunue seti nzuri ya bisibisi, mita na mashine ya lehemu.

Lakini kama unawinda ajira ya dawati la msaada benki, kwenye shirika, au huko Dubai na Doha, cheti hiki cha CompTIA ya Marekani kinajulikana na kina thamani. Swali linalobaki ni namna ya kukipata bila kunyolewa.

Jambo la kwanza ambalo matangazo hulipitia juu juu: A+ ni mitihani miwili, na kila mmoja una malipo yake. Mwaka 2025 bei ya Marekani ilikuwa dola 265 kwa mtihani mmoja, yaani dola 530 kwa cheti kizima. Kwa Mkenya hiyo ni kama shilingi 68,000. Kwa Mtanzania ni zaidi ya milioni moja na laki mbili. Bei hubadilika kwa eneo, kwa hiyo chagua nchi yako kwenye duka la CompTIA kabla ya kupiga hesabu.

Hapo ndipo wengi huliwa. Vocha ya mtihani ina mipaka ya eneo. Ukiona mtu anauza mtandaoni vocha ya Marekani kwa bei ya kutupa, huenda isikubali kukuandikia nafasi Nairobi au Dar es Salaam, na pesa imekwenda. Vocha pia ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida miezi 12 tangu kununuliwa, kwa hiyo mwulize muuzaji imebakiza muda gani. Ongeza na makato ya kadi na ya kubadili fedha: benki haikupi dola kwa kiwango unachokisikia kwenye taarifa ya habari.

Sasa masomo. Una njia tatu, na kwa maoni yangu moja tu ndiyo ya mtu mwenye haraka na pesa kidogo.

Darasa la chuo cha mtaani lina mwalimu, mashine na ratiba. Linamfaa asiyeweza kujisukuma mwenyewe. Uliza maswali mawili kabla ya kulipa: je, ada inajumuisha vocha zote mbili, na je, wanafundisha toleo gani? Toleo la sasa, 220-1201 na 220-1202, lilianza Machi 2025, na lililotangulia lilifungwa Septemba mwaka huohuo. Mwalimu akikupa makabrasha ya toleo hilo la zamani, 1101, utakuwa umelipia masomo ya mtihani uliokwisha.

Njia ya pili ni kozi ya Google ya IT Support kupitia Coursera. Bei ya Marekani ni dola 49 kwa mwezi, na mita inasoma hata mwezi ambao hukufungua somo. Ukichukua miezi sita umeshalipa karibu dola 300, na hicho si cheti cha A+, ni kingine. Ukiitaka, omba kwanza msaada wa ada. Coursera wanao, ila jibu huchukua siku kadhaa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza. Pakua orodha rasmi ya mada kutoka CompTIA, ni bure. Fuata video za Professor Messer kwenye YouTube, nazo ni bure na zinakwenda mada kwa mada kwa mpangilio uleule. Gharama yako ni bando, na ukishusha video usiku kwa bando la usiku, inapungua zaidi. Kiingereza kinahitajika kwa vyovyote, maana mtihani wenyewe haupo kwa Kiswahili.

Upungufu wa njia hii ni mazoezi ya mikono. Mtihani una maswali ya vitendo: unapewa mtandao mdogo kwenye skrini uutengeneze, au unapanga vifaa mahali pake. Kwa hiyo nunua kompyuta ya mezani ya mtumba, hata isiyowaka, Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi. Ifungue, chomoa RAM, rudisha, badilisha diski, soma maandishi kwenye kasha la umeme. Kwenye kompyuta inayowaka weka VirtualBox, programu ya bure, uvunje na kujenga Windows bila hofu. Zima kwenye ruta huduma ya DHCP inayogawa anwani, andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew, uone anwani inayoanza na 169.254 ikitokea. Ukishaiona kwa macho yako, hutasahau kwamba kompyuta imekosa anwani kutoka kwenye DHCP.

Mafaili ya "maswali halisi" yanayouzwa WhatsApp usiyaguse. Mengi ni ya toleo la zamani, yana majibu yasiyo sahihi, na CompTIA wakikubaini wanaweza kukufutia cheti. Hela ileile inatosha kulipia sehemu ya majaribio ya mazoezi ya halali.

Kila mtihani una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Alama za kufaulu ni 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Ukifeli, unalipa upya. Hakuna marudio ya bure. Ndiyo maana kama huna uhakika, kifurushi cha vocha yenye marudio ni nafuu kuliko vocha mbili. Usikinunue kama majaribio ya nyumbani unayapita bila taabu.

Kufanyia mtihani nyumbani kunaokoa nauli, lakini umeme ukikatika au intaneti ikiyumba, ugomvi ni wako na msimamizi aliye mbali. Panda basi uende kituo cha mtihani cha Pearson VUE. Andikisha jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Cheti hudumu miaka mitatu. Kukihuisha kuna ada ya dola 25 kwa mwaka na pointi 20 za masomo ndani ya miaka hiyo mitatu, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema.

Pesa ikitosha mtihani mmoja tu sasa, anza na 1201, kisha wa pili ufuate ndani ya miezi michache. Yote miwili lazima iwe ya toleo moja. Ukikawia hadi toleo libadilike, utalipia wa kwanza tena.